Idd Tuliyokwenda Kumtazama Owen

Mwaka 2005 hapakuwa na baraza Mombasa ambayo habari za Owen hazikufika. Tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 ilisukuma mawimbi yake hadi pwani ya Malindi, na kiboko mchanga wa mto Sabaki akajikuta peke yake kwenye mwamba baharini, mamake hayupo. Wavuvi na wanakijiji walihangaika naye hata wakamnasa kwa nyavu. Akaletwa Haller Park, Bamburi, akapewa jina la mmoja wa wale waliomrukia na kumkamata. Kufunguliwa tu, akakimbilia nyuma ya Mzee, kobe mkubwa wa jamii ya Aldabra aliyekadiriwa kuwa na miaka kama 130. Mzee akafoka, akasogea. Owen akamfuata. Mzee akasogea tena, akafuatwa tena. Haukupita muda wakawa wanakula pamoja, wanaoga pamoja, wanalala pamoja.

Mimi na binamu zangu hatukuwa na hadithi nyingine. Tulimwandama Ami asubuhi na jioni mpaka akatuahidi kwamba Ramadhani ikisha, Idd Pili, atatupeleka. Idd ya mwaka huo iliangukia mwanzo wa Novemba, vuli ishaanza, na asubuhi ya safari mawingu yalikuwa mazito. Tuko mlangoni tunavaa viatu, Nyanya akatoka chumbani na buibui lake.

"Nami naja," akasema.

Ami akashangaa. "Mama, kule kuna mwendo wa miguu."

"Kwani mimi naenda kwa mikono? Nataka kupaona Bamburi. Marehemu babako kafanya kazi pale miaka."

Hilo tulilijua juu juu tu. Babu alikufa kabla sijazaliwa. Nilijua kwamba alikuwa mfanyakazi wa timbo, ambako walichimba mawe ya matumbawe ya kutengenezea simiti, na kwamba jioni alirudi amejaa vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Lakini sikuwahi kuliunganisha timbo lile na mahali pa kwenda kutazama wanyama. Tulivuka daraja la Nyali kwa matatu, Kongowea ikapita, Bombolulu ikapita, na Nyanya kimya dirishani.

Ndani palijaa watu, kila familia na nguo zake mpya. Twiga ndio waliotupokea. Unapanda juu ya jukwaa, unapewa chakula kiganjani, na kichwa kile kikubwa kinashuka kwako polepole. Mpaka leo sijui mnyama mwingine anayemtazama mtoto namna ile. Kope zake ni ndefu, macho meusi yamelowa, halafu ulimi unatoka, mrefu, wa zambarau iliyokaribia weusi, unakwaruza kiganja na kukizunguka hadi punje ya mwisho. Mkono wangu uliloa ute hadi kwenye kiwiko cha kanzu mpya, na sikutaka kuufuta. Binamu yangu mdogo alikataa kushuka jukwaani, ikabidi Ami ambebe.

Nyoka tuliwapita haraka kwa sababu ya Nyanya, na mamba walikuwa wamelala hawana habari na mtu. Sisi tulikuwa tunamtaka Owen.

Tulimkuta. Umati ulikuwa mkubwa kwenye uzio, watu wazima wakisukumana pamoja na watoto, na mimi nikapenya chini ya mikono mpaka mbele. Owen alikuwa ameshanenepa, ngozi inang'aa kwa maji. Mzee alikuwa mbele yake, shingo ameinyoosha, anatafuna majani bila haraka yoyote. Kwa muda hakuna kilichotokea. Kisha Owen akasogeza mdomo wake, akaugusa mguu wa nyuma wa Mzee, kidogo tu. Mzee akainua ule mguu, akaanza kwenda. Owen akaenda naye ubavuni, hatua kwa hatua, kiboko yule mzito akiupunguza mwendo wake ulingane na wa kobe. Nilisikia mama mmoja nyuma yangu akisema, "Subhanallah." Mimi niliona koo limenikaba. Nilikuwa mtoto, lakini nilielewa kwamba huyu alikuwa amepoteza watu wake wote siku moja, na akachagua mwenyewe wa kukaa naye.

Nilipogeuka kumtafuta Nyanya ili aje aone, hayupo. Alikuwa amerudi nyuma kidogo, chini ya miti, anaongea na kijana mmoja mwenye sare za pale. Alikuwa ameushika mti kwa mkono mmoja.

"Mwanangu," alikuwa akimwambia, "hapa palikuwa hapana hata unyasi mmoja. Palikuwa peupe, jua likipiga huwezi kufungua macho. Mume wangu akinambia hata kunguru hawatui. Hii miti imekuja vipi?"

Kijana akamwamkia kwanza. "Shikamoo, nyanya." Akaitikiwa. Kisha akaeleza, na naona alifurahi kuulizwa, maana wengi siku ile waliuliza Owen yuko wapi tu. Alisema kampuni ya simiti ilipokuwa imeacha shimo tupu, mwanzoni mwa miaka ya sabini walimpa kazi mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, Dakta René Haller, alirudishie uhai. Udongo haukuwepo, ni jiwe, na chini yake maji ya chumvi. Akajaribu aina 26 za miti. Karibu yote ikafa. Mvinje ndio ulioshika, kwa kuwa wenyewe umezoea chumvi na upepo wa baharini, na mizizi yake inajitafutia chakula hata mahali pakavu.

"Ndiyo hii," akasema, akaupiga mti kofi.

"Na udongo?" Nyanya akauliza. "Mti si udongo."

Kijana akacheka kwa furaha, akainama, akafunua majani makavu ya mvinje yaliyolala chini, yale membamba kama sindano, na akaokota kitu. Akatufungulia kiganja. Alikuwa jongoo.

Shangazi aliruka nyuma. "Mtupe jongoo na mti wake!" akasema, na ile methali aliisema kwa hofu kamili. Nyanya hakusogea. Nami nikakaribia, kwa kuwa nilikuwa nimewaona jongoo maisha yangu yote, vuli na masika, na sikuwahi kumwangalia hata mmoja. Mwili wake ulikuwa mweusi, pingili kwa pingili, unang'aa, na miguu myekundu, mingi, iliyokwenda kwa zamu: huku inainuka, kule inashuka, na lile wimbi linapita mwilini kutoka nyuma hadi mbele bila kukatika. Kijana akamgusa, akajikunja duara. Tukangoja. Akajikunjua, akatoa vipembe vyake, akaanza kuukagua mkono wa watu.

Alituambia kwamba majani ya mvinje yalipokuwa yakianguka, yalikaa tu. Yana ukali ndani yake, hayaozi. Yakarundikana juu ya jiwe mwaka hata mwaka, na bila udongo hakuna mti mwingine utakaoota. Ndipo wakaletwa jongoo. Jongoo anayala majani yale makavu, anayasaga, na kinachotoka nyuma yake ndicho udongo. Akachota gao dogo la ardhi akatuonyesha: punje nyeusi, ndogo, zinazovunjika ukizibana. Miti mingine ikapata pa kushika, nyasi zikafuata, ndege wakaja, yakachimbwa mabwawa, ndipo wakaletwa twiga na pofu na viboko.

"Kwa hivyo Owen anakanyaga mavi ya jongoo," akasema binamu yangu.

"Naam," akasema kijana, hana mzaha hata kidogo. "Na Mzee pia. Na nyinyi."

Nyanya alinyoosha mkono. Nilidhani anataka udongo. Alimtaka jongoo. Kijana akamwekea kwenye kiganja, na mikono ya Nyanya ilikuwa na hina ya Idd, nyeusi kwenye vidole, na yule jongoo akapita juu ya hina ile, akazunguka kidole gumba, akarudi. Shangazi alikuwa amefumba macho. Nyanya alimtazama sana. Kisha akatazama juu, mivinje imefunga anga, na kule mbali umati unapiga kelele kwa sababu Owen ameingia majini.

"Babako angeona," akamwambia Ami.

Ami hakujibu. Alivua kofia akaivaa tena.

Kwenye matatu ya kurudi, mvua ikipiga bati, ubishi ulianza. Mdogo wetu alisema mnyama wake ni twiga na hakuna wa kumbadilisha. Mkubwa akasema Owen, mwingine akasema si Owen ni Mzee, kwa kuwa Owen alihitaji lakini Mzee alikubali, na hoja hiyo niliiona ya haki, naiona ya haki mpaka sasa. Zamu yangu ilipofika nilisema jongoo. Wakanicheka mpaka kondakta naye akageuka. Mimi nikashikilia, nikaanza kuwaeleza upya habari ya majani na punje, kana kwamba hawakuwepo.

Nyanya alinipa mabuyu yote yaliyobaki kwenye mkoba wake. Halafu akamuuliza Ami kama masika wanaweza kurudi, yeye na dadake wa Kibokoni, kwa kuwa yule kijana alimwambia mvua kubwa zikianza jongoo hutoka kwa wingi, hata njia huzioni.

"Na Owen?" Ami akauliza.

"Owen nishamuona," akasema Nyanya.