Siku moja na mimi fundi wa Mwanjelwa: taa ya gesti inayojizima

Saa mbili asubuhi. Mbeya mwezi wa saba nyie acheni tu, vidole vimeganda hata solda haishikiki, kwa hiyo chai na chapati kwanza ndo nafungua banda. Kuna redio na sabufa za watu, zitasubiri.

Saa tatu kaja mama mwenye gesti, analia na luku. Wageni wanawasha taa ya korido wanaenda kulala, inawaka mpaka kunakucha. Anataka mtu abonyeze, iwake kama dakika mbili, izime. Nikamwambia mama, hiyo ni kazi ya 555, aisii (kichipu cha saketi) ya miguu minane aliyoibuni Mswisi mmoja, Hans Camenzind, ipo sokoni tangu 1972 na bei yake haimuumizi mtu.

Saa nne nachora. Ukibonyeza, mguu wa 2 unashuka chini ya theluthi ya volti za saketi, mguu wa 3 unavuta rilei, ile swichi ya sumaku inayowasha taa, kapasita inaanza kujaa umeme kupitia rezista inayoubana, ikifika theluthi mbili mguu wa 6 unasema basi, rilei inaachia na mguu wa 7 unaimwaga kapasita. Muda ni 1.1 mara rezista mara kapasita, nimechukua rezista ya 220k (kiloomu 220) na kapasita ya maikrofaradi 470, inakuja kama sekunde 114. Mguu wa 2 uwe na rezista ya 10k kwenda chanya, la sivyo taa itajiwakia kama ina mashetani. Na daiodi, ile inayopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye koili ya rilei, hiyo sijadili na mtu.

Saa sita dogo kaniunganishia, taa ikawaka… ikaendelea kuwaka. Kumbe kapasita kaing'oa kwenye tivii mbovu! Ukiwa na volti 12, ikikaribia 8, ndiyo theluthi mbili yake, kinachopita kwenye 220k ni kama maikroampi 18 tu, kapasita ikivuja zaidi ya hapo haifiki 8 milele. Tukaweka mpya, ikazima kwenye sekunde mia na ishirini hivi, poa, hizi kapasita zenyewe zinatofautiana mpaka asilimia 20.

Saa tisa tuko gesti, nazima meini swichi nafunga upande wa 230 mwenyewe, dogo anashika ngazi.

"Fundi, nikibonyeza ikiwa bado inawaka, inaongeza?"

"Hapana mama, mpaka izime kwanza."

Kafikiri kidogo, akaniuliza ya chooni nitamfanyia bei gani.