Baba mkwe na gobore

Nina miaka 41 na jana nimefundishwa adabu upya. Baba mkwe, askari wa wanyamapori mstaafu, alikuwa anasimulia habari za majangili. Nikadakia: "Kumbe walibeba magobore yenye magazini, vile vikasha vya risasi!" Kimya. Mke wangu akaangalia ukuta. Mzee akaweka kikombe chini taratibu.

"Mkwe wangu, gobore halina magazini. Unashindilia baruti na gololi kwa mbele, kwenye mtutu. Ukishafyatua, unaanza upya."

Nikajikuta nimemwamkia shikamoo mara ya pili, sijui kwa nini.

Mwanangu wa darasa la tatu akauliza, "Babu, na ganda la risasi linatokea wapi?"

"Halina ganda, mjukuu wangu. Umeuliza vizuri." Akamkatia nusu chapati. Mimi sikupewa.