Boriti ya mita 9 kwenye mashine ya mita 6

Mashine yangu ya kupasulia mbao inameza gogo la mita 6, basi. Juzi nilitaka boriti ya mita 9. Nikaunga reli za ziada, zile ambazo msumeno hutembea juu yake, na hapo kwenye kiungo ndipo palipokula nusu siku: nilivuta uzi ncha hadi ncha, nikaweka pimamaji, kumbe upande mmoja umezama milimita 4 kwenye udongo laini. Nikapachika vipande vya mbao ngumu chini ya miguu ya reli.

Kupasua kwenyewe kulienda haraka. Ila gogo refu lina hila: ukilichonga upande mmoja tu, linajipinda, katikati panainuka. Kwa hiyo nililigeuza kila baada ya mikato miwili. Nililigeuza peke yangu, jamani. Mgongo bado unanilaumu.