Bili ya stika za gari imenifanya nimfuatilie Jesse Ventura

Jameni hii Minnesota ya Marekani itatumaliza. Nimeletewa bili ya stika za gari, zile unabandika kwa namba pleti kila mwaka, zaidi ya dola mia mbili, na gari yenyewe si ati ni ya kuringia. Wanaangalia ilikuwa bei gani ikiwa mpya halafu wanakukata hapo. Si nyinyi huko Kenya mlipigia kelele ile kodi ya magari ya asilimia 2.5 kwa Finance Bill 2024 mpaka kamati ya bunge ikaitoa? Sisi huku tunalipa tu, ukichelewa polisi anakusimamisha barabarani. Mnaopanga kuja, nunueni gari kuukuu, ada inashuka ikizeeka.

Sasa kuna mzee mzungu namhudumia kazini, akanisikia nikilalamika akacheka sana, akasema enzi za Jesse ungelipa dola 99. Jesse gani? Nikaenda kusoma, kumbe ni kweli. Jesse Ventura, jamaa wa mieleka ya TV, alikuwa meya wa Brooklyn Park hapa ambapo Wakenya na Waliberia tumejaa siku hizi, na 1998 akasimama ugavana na Reform Party, chama cha tatu alichoanzisha Ross Perot bilionea wa Texas. Akapiga Republican na Democrat wote kwa asilimia 37. Gavana huku ni kama kwenu, hakuna raundi ya pili. Walimruhusu kwa midahalo na wale wakubwa wawili, halafu Minnesota unaweza kujiandikisha siku hiyo hiyo ya kura na ukapiga, vijana wakajaa vituoni. Alipoingia akashusha ada za gari, ile 99 ndiyo ilikuwa mwisho kwa gari yenye miaka kadhaa, ziada ya kodi ya mauzo akawarudishia watu kwa cheki nyumbani, na hii treni ya kwenda airport napanda theluji ikizidi, yeye ndiye aliisukuma.

Mbona basi haikuendelea? Hapo ndipo naudhika. Perot mwenyewe 1992 alipata asilimia 19, karibu kura milioni 20, lakini zile kura za majimbo zinazochagua rais akapata sufuri, kwa sababu karibu kila jimbo anayeongoza anabeba zote. Fikiria mtu wa asilimia 19 kwetu! Simu haingenyamaza, coalition, mawaziri, uspika, handshake juu. Huku ukishindwa unaenda nyumbani. Halafu watu wa Reform Party wakaanza kupigana wenyewe, Ventura akatoka chamani Februari 2000, Pat Buchanan, mwanasiasa aliyetoka Republican, akachukua tiketi ya urais ya chama pamoja na zaidi ya dola milioni 12 za serikali zilizotokana na kura za Perot za 1996, na asilimia moja hakufikisha. Pesa zote hizo!

Hata mageuzi yenyewe yalikwama. Ventura alitaka bunge la jimbo liwe moja badala ya mawili, na alipoingia hakuwa na mbunge hata mmoja wa chama chake. Nani atapiga kura ya kufuta kiti chake mwenyewe? Wazungu kazini kwangu wanavitukana vyama vyote viwili kutwa nzima, ikifika Novemba wanarudi palepale, ati wasipoteze kura.

Na nyinyi wenye green card nawaomba, ukienda kuchukua leseni ya udereva soma kila karatasi, usikubali kuandikishwa mpiga kura kama si raia. Ukipiga kura bila uraia unaweza kufukuzwa nchini, na hakuna wa kuelewa ati ulidhani ni sawa.

Mzee ameniuliza, kwa vile mimi ni raia sasa, chama kama hicho kikirudi nitakipigia? Nimemwambia waache kuanzia na urais kila mara, walete diwani Brooklyn Park, huyo nitamfanyia hata kampeni mlango kwa mlango.