Kutwa moja na mashua yangu Msasani

Hapa dikoni Msasani, Dar es Salaam, vyombo vinapotia nanga, wananiita nahodha, ingawa mashua yangu haizidi abiria wanane. Kazi yangu ni kuwatembeza watu kwa tanga jioni, kwa muda wa saa mbili na kitu, kundi moja tu kwa safari, chombo chote chao. Jumamosi hii ya Agosti ni mwezi kumi na nne. Nimeamua kuiandika siku yote, kwa sababu wengi wanadhani kazi hii inaanza jua linapokaribia kuzama.

Saa kumi na moja alfajiri

Natoka uani nimejifunga kikoi, nasimama nausikiliza upepo. Saa hizi unatoka bara. Tunauita umande, na kuhusu jioni hauniambii mengi. Kusi yenyewe, upepo wa kutoka kusini, huamka jua likishapanda, na mwezi huu wa nane ikiamka vibaya huchafua bahari kutwa nzima. Nikishaswali nafungua simu nisome utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wakitoa angalizo la upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, sitoki. Mteja namrudishia fedha yake au tunapanga siku nyingine. Julai 2012, katika kusi kama hii, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitokea hapa hapa Dar es Salaam kwenda Unguja. Nilikuwa pwani wiki ile. Tangu hapo utabiri nausoma mpaka neno la mwisho.

Leo hakuna angalizo.

Saa moja asubuhi

Chai ya tangawizi, mihogo ya kuchemsha, na ujumbe wa mteja: "Kaka, mama amekuja kutoka Singida, hajawahi kupanda chombo cha baharini. Nataka aone jua likizama baharini."

Kianzio ameshatuma tangu jana, lakini sitaki aje akiwa na picha isiyo ya kweli. Namwandikia: dada, bahari yetu iko mashariki. Jua la Dar es Salaam huchomoza baharini na kuzama nyuma ya mji. Wanaoliona likiingia majini ni wenzetu wa Unguja pale Forodhani, kwa kuwa Mji Mkongwe umetazama magharibi. Sisi wa Msasani tuna bahati yetu nyingine. Rasi imetoka ikanyooka kuelekea kaskazini, ikaacha ghuba kati yake na upande wa Mikocheni na Kawe. Ukiwa ndani ya ghuba hiyo, magharibi yako ni maji kwanza, halafu ndipo nchi kavu. Na kwa vile leo ni mwezi kumi na nne, jua likiwa linashuka upande wa mji, mwezi utakuwa unatoka upande wa bahari.

Ananijibu: "Basi mama ataona viwili kwa nauli moja. Tunakuja watatu, na mwanangu."

Saa nne na nusu

Maji yamekupwa. Siku za mwezi mpevu na za mwezi mchanga ni bamvua: maji yanakwenda mbali sana na kurudi juu sana, tofauti yake ni kama mita 3. Na hapa kwetu bamvua ina mpango wake usiobadilika sana. Hukupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Kwa kazi yangu hakuna mpango bora kuliko huo. Asubuhi mashua inakaa mchangani ikiwa kavu mpaka kwenye mkuku, ule uti wake wa chini, tunaitia magadi, miti ya kuiegemeza, isilale ubavu, na naweza kuizunguka kwa miguu nikilitazama tumbo lote. Jioni maji yenyewe yanakuja kuinyanyua.

Leo kuna kitu nilikuwa nakitafuta. Juzi ngama, pale chini ndani ya chombo maji yanapojikusanya, ilikuwa na maji kidogo kuliko yanayonitia hofu, lakini mengi kuliko ya kawaida. Napita na kidole kwenye maungio ya mbao, polepole, upande wa kulia, kuanzia omo, mbele, kwenda tezi, nyuma. Karibu na taruma la nne, yaani ubavu wa nne wa chombo, kidole kinakuta unyevu mahali ambapo mbao ya juu na ya chini zote zimeshakauka. Nachokoa kwa ncha ya kisu. Pamba ya zamani inatoka nyeusi, laini kama ugali uliolala. Ndipo hapo.

Fundi wetu ni mzee aliyeanza kukalafati vyombo, kuziba maungio yake kwa pamba, kabla sijazaliwa. Namwamkia, anaitikia, anainama bila neno lingine. Anasokota pamba mpya kwenye paja lake, anaichovya kwenye mafuta ya nazi, kisha anaishindilia kwa chembeu, ile patasi butu ya kukalafatia, akiigonga kwa nyundo ya mbao. Mlio wa kwanza ni mzito, kama unagonga gunia. Kadiri pamba inavyojaa, mlio unapanda unakuwa mkavu. Yeye hatazami, anasikiliza. Mlio ukifika anapoutaka, anasogea kidole kimoja mbele. Urefu wa dhiraa moja unamchukua karibu nusu saa, na simharakishi, kwa sababu jioni mama wa watu atakuwa amekaa juu ya dhiraa hiyo.

Vijana wa mitumbwi ya dagaa wamejaa kivulini wanashona nyavu. Siku za mwezi mpevu wao hupumzika. Wanavua kwa taa, na taa haishindani na mwezi. Ndiyo maana siku zangu nzuri za kazi ni siku zao za likizo, na baharia ninayemchukua leo ni mmoja wao.

Saa sita

Kamba. Naifungua henza yote, ile ya kupandishia tanga, naipitisha mkononi pima kwa pima nikiipinda ili nyuzi za ndani zionekane. Pale inapopita kwenye abedari, lile gurudumu lake, imeanza kuota manyoya. Naikata hapo, nageuza upande uliokuwa haufanyi kazi. Demani, kamba ya kukazia tanga, ni mpya, nimeinunua Kariakoo mwezi jana. Tanga nalitandaza mchangani, natafuta matundu, nashona moja dogo.

Halafu jaketi okozi. Nahesabu kumi, naangalia mkanda na kifungio cha kila moja, ya mtoto naiweka juu. Zamani niliwahi kufanya kazi kwa tajiri mmoja aliyekuwa anaziweka chini ya sakafu ya boti, zimefungwa kwa kamba, ili mkaguzi akija azione. Nilimwambia mara mbili, mara ya tatu nikaacha kazi. Leo chombo ni changu, kina cheti chake cha TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, na mtu asiyetaka kuvaa jaketi namrudisha ufukweni kwa heshima.

Saa saba na nusu wali kwa samaki wa nazi. Kisha usingizi mpaka adhana ya alasiri.

Saa kumi na nusu

Maji yamejaa, mashua inaelea karibu kabisa na mchanga, na makuti ya minazi yote yamelala kuelekea kaskazini. Kusi ya wastani. Nimepakia madafu sita, kachori za jirani, maji ya kunywa, taa mbili, ya kijani kwa kulia na nyekundu kwa kushoto.

Wageni wanafika. Mama ana miaka kama sabini, mwembamba, amejitanda kanga, mkononi kashika viatu vyake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hiki ndicho chombo?"

"Ndicho hiki."

"Kina injini?"

"Ninayo mama, ile pale nyuma. Lakini leo tunakwenda kwa upepo."

"Na upepo ukikataa?"

"Ukikataa, tutaiwasha."

Anafikiri kidogo, kisha anampa mjukuu wake viatu. Tunambeba kiti-kiti, mimi na baharia, mpaka ndani. Anakaa katikati, mgongo kwenye mlingoti, na jaketi analivaa juu ya kanga bila ubishi.

Tunatweka tanga. Foromali, mti unaobeba tanga, inapanda, kitambaa kinapigapiga, halafu nakaza demani na kelele zote zinakoma mara moja. Hapo ndipo ninapoipendea kazi hii. Mlio unaobaki ni wa maji yanayopita chini ya mbao, na chombo kinaanza kulala upande wa demani.

"Kinaanguka!" Mama kanishika mkono.

"Hakianguki mama. Ndivyo kinavyotembea."

Haniachi mkono kwa muda, nami naongoza kwa mmoja.

Saa kumi na moja na nusu

Kusi inatokea juu ya rasi, kwa hiyo ndani ya ghuba upepo upo lakini mawimbi hakuna. Tunakwenda kaskazini, Masaki kulia kwetu, Mikocheni kushoto mbali, maji yamefunikwa na mikunjo midogo tu. Nyumba za mwambao zinapita polepole. Dada anaonyesha hili na lile, anashangaa: amefanya kazi Masaki miaka sita, kila siku kwenye foleni, na hajawahi kuiona kutokea majini. Simshangai. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3 katika mkoa huu. Wengi wanaijua bahari kwa kusimama Coco Beach siku ya Idi na mihogo mkononi, au kwa kuvuka na kivuko kwenda Kigamboni. Wateja wangu kwa miaka mingi walikuwa wageni kutoka nje, na niliwahudumia kwa moyo. Lakini simu ikilia na aliye upande wa pili anasema anatoka Mbagala au Gongo la Mboto, anataka kumleta mzazi wake, siku hiyo hata kamba naziangalia mara mbili.

Mbele inaonekana Bongoyo, kijani tupu. Mtoto anauliza kama kuna watu wanaishi pale. Namweleza kwamba ni hifadhi ya bahari tangu 1975, pamoja na Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, watu huenda kuogelea na kurudi. Simwambii yote. Nikiwa na umri kama wake nilikuwa nasikia baruti za wavuvi haramu zikilipuka huku na huku, na kila mlipuko ulikuwa matumbawe yanayosagika. Miaka hii nimeshazoea kutousikia mlio huo, na kuna siku nafurahia ukimya wenyewe.

Saa kumi na mbili kasoro

Tumefika mdomoni mwa ghuba, tumeipita ncha ya rasi. Hapa mawimbi ya bahari kuu yanaanza kutunyanyua, marefu na taratibu. Nalegeza demani, mashua inapunguza mwendo. Sitaki kwenda mbali zaidi: tumekuja upepo ukiwa nyuma, kurudi utakuwa usoni, na maji yameshaanza kutoka.

Mama ameuacha mkono wangu. Amegeukia mashariki, kimya. Kisha anasema, "Kwetu kuna ziwa, Singidani. Nalo lina chumvi. Lakini ng'ambo yake unaiona." Anatazama tena. "Hapa ng'ambo iko wapi?"

"Upande huo mama, haiko karibu."

Na palepale, kwenye mstari wa maji, pakaanza kuwa pekundu kidogo, kama mtu kawasha moto mbali. Mwezi ukatoa ukingo wake. Ulikuwa mkubwa, rangi ya papai, umebonyea kidogo chini. Mtoto ndiye aliyepiga kelele wa kwanza. Nyuma yetu jua lilikuwa bado halijafika chini, njia yake ya dhahabu imelala juu ya ghuba nzima kutoka Kawe mpaka ubavuni mwa mashua. Dada akawa hajui simu aielekeze wapi. Mama hakuwa na simu. Aligeuka huku, akageuka kule, kanga ikamwanguka mabegani asiiokote.

Jua lilizama kama saa kumi na mbili na dakika 25. Kwetu huku machweo hayakawii, dakika ishirini na giza linakuwa giza. Adhana ya magharibi ikaanza, msikiti mmoja, halafu wa pili, sauti zikija juu ya maji kutoka pande mbili. Tulikunywa madafu kwenye mwanga uliobaki.

Saa moja kasoro

Kurudi ndiko kunakotaka kazi. Tunabisha: tunakatiza kuelekea Mikocheni, tunageuza foromali, tunarudi kuelekea Masaki, kila mara tunaiba kipande cha njia. Upepo ulikuwa umepungua na maji ya bamvua yanatutoa nje, hivyo kipande cha mwisho nikatua tanga nikawasha mashine. Ningeweza kuendelea kubisha mpaka saa mbili usiku, lakini mchanga wa kushukia hautanisubiri, na mtoto ameanza kusinzia.

Kabla hatujafika mama akamwomba binti yake chupa ya maji iliyokwisha. Akainama, nikamshika kiuno, akachota maji ya bahari, akafunga kizibo kwa nguvu. Alisema anampelekea dada yake mkubwa, ambaye miguu inamuuma na hawezi tena kusafiri.

Saa mbili na nusu usiku

Nimeswali, tanga limekunjwa, nanga mbili ziko chini. Nimewasha tochi nikaangalia ngama karibu na taruma la nne: pakavu. Nikampigia mzee fundi kumwambia. Akasema, "Nilijua," akanitakia usiku mwema.

Kesho nina wateja wawili, mke na mume wa Tabata. Maji huchelewa dakika 50 hivi kila siku, kwa hiyo nimewaandikia wasije saa kumi na nusu kama tulivyopanga. Waje saa kumi na moja na robo.