Mlango wa Kijivu

Land Rover ya Baba ilitoka kwenye shamba la katani upande wa Muheza. Ni ile ndefu, 109, ya toleo la tatu, lile lililoanza kutengenezwa mwaka 1971. Ilifika nyumbani Tanga ikivutwa na trekta. Injini Baba aliifufua mwenyewe, kidogo kidogo, kila alipopata pesa ya spea. Bodi aliiacha. Alikuwa akisema gari kwanza litembee, uzuri utafuata.

Mwaka 2006 Dada akaposwa, na Baba akatamka mbele ya wageni wa posa kwamba binti yake hataondoka nyumbani kwa gari la kukodi. Harusi ikapangwa Mfungo Mosi, Jumamosi tarehe 18 Novemba. Tulikuwa mwanzoni mwa Ramadhani. Mimi nilikuwa na miaka 19, nimemaliza kidato cha nne na nimekaa tu, kwa hiyo nikawa msaidizi wake. Majirani waliuliza mtoto wa kike na msasa wapi na wapi. Baba hakuwajibu.

Watu hupenda kusema Land Rover haishiki kutu kwa kuwa bodi yake ni alumini. Kweli, Waingereza walipoitoa ya kwanza mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita, alumini ndiyo iliyopatikana kwa urahisi. Lakini chasisi ni chuma. Ule ukuta unaotenga injini na miguu ya abiria ni chuma, na mifupa ya ndani ya milango ni chuma. Pale chuma na alumini vinapogusana, ukaongeza na chumvi ya upepo wa bahari, vinaanza kulana. Alumini ndiyo inayoshindwa. Haitoi kutu nyekundu, inavimba chini ya rangi, na ukiikwangua inamwagika unga mweupe. Baba aliuita unga ule chokaa. Tulitoa chokaa nyingi sana kwenye ile gari.

Ramadhani tulianza kazi baada ya swala ya alfajiri na kuacha saa nne, kwa sababu vumbi la msasa na kiu ya mchana havikai pamoja. Nilijifunga kanga yenye maji puani na mdomoni. Rangi ya juu ilikuwa nyeupe, na ilibanduka vipande vizima kama maganda ya kitunguu, kwa maana aliyeipaka hakutanguliza ile praima ya tindikali inayoiuma alumini ili rangi ipate pa kushika. Chini yake kulikuwa na buluu, na chini ya buluu kijivu. Rangi ya kiwandani tuliikuta mahali pamoja tu, chini ya kiti cha dereva, ambako hakuna brashi iliyowahi kufika: kijani kilichokolea, kama jani la mwembe lililokomaa. Baba alifungua kile kifuniko cha chini ya kiti, akakifunga kwenye gazeti, akaenda nacho dukani Ngamiani wamchanganyie rangi mpaka ifanane. Alirudi jioni, kidole kimoja kina kijani, ana furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake siku nyingi.

Kitu ambacho sitakisahau ni sabuni. Madigadi ya kulia ilikuwa na bonde kubwa, dereva wa shamba aliwahi kugonga kisiki. Baba akaifungua nati zote, akailaza juu ya gunia la mchanga, kisha akaniambia, "Mama, niletee sabuni ya mche." Nilidhani anataka kunawa. Akaichukua ikiwa kavu, akaisugua juu ya bonde mpaka alumini ikajaa michirizi kama ya chaki. Halafu akawasha moto wa gesi na kuanza kuupitisha taratibu.

"Chuma kikipata moto kinakuwa chekundu, kinakwambia," alisema. "Alumini haisemi. Utaiona vilevile, vilevile, halafu ghafla imeyeyuka umebaki na tundu. Kwa hiyo tunaisikiliza sabuni."

Tukainama wote wawili. Michirizi ikawa ya njano, ikawa kahawia, na ilipoanza kuwa nyeusi Baba akaondoa moto. Tulingoja ipoe. Baada ya hapo ile alumini iliyokuwa ngumu ikawa inakubali. Aliigonga kwa nyundo ya mbao kuanzia ukingoni kuelekea katikati, mapigo madogo, wala hakuinua mkono juu. Kadiri ilivyogongwa ikawa ngumu tena, na mlio wake ukawa mkali. Akaacha, akaniita nipake sabuni upya. Mara tatu tulifanya hivyo, na mara ya tatu moto niliushika mimi. Nilipopitisha kiganja juu ya madigadi ile sikuweza kujua bonde lilikuwa wapi.

Idi ikapita. Zikiwa zimebaki siku 12, Baba akaenda Muheza kwenye msiba, akalala huko siku mbili. Kazi iliyobaki ilikuwa sakafu ya miguu upande wa abiria. Pale kutu ilikuwa imekula chuma hadi mkono wangu ukipita unatokea chini. Nilijua dawa yake ni kukata na kuchomelea bati jipya. Nilijua pia kuwa mwaka ule ni wa mgao, umeme unakuja unapotaka, na vuli imeanza kwa nguvu. Nikataka Baba arudi akute kazi imekwisha. Nikakata kipande cha wavu wa dirisha, nikakibandika, nikachanganya puti, ile lami ya kuzibia mabonde ya bodi, na hadina ya kuigandisha, nikajaza, nikapiga msasa mpaka pakawa laini, nikafunika na redi oksaidi, ile rangi nyekundu ya kutangulizia kwenye chuma. Kwa macho palipendeza kuliko sehemu nyingine yote ya gari.

Baba aliporudi alipatazama muda mrefu. Akaingia ndani, akatoka na sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Akaianzisha kwenye chuma kizima: ikashika, tak. Akaisogeza, tak. Alipofika kwangu ikaanguka. Akaiokota, akajaribu tena mahali pengine. Ikaanguka.

Hakupandisha sauti. Alinipa patasi na nyundo.

"Toa yote," akasema. "Hapa ndipo Dada yako atakapoweka miguu."

Nilitoa hadi usiku, kwa kandili. Puti iliyoshika vizuri haitoki kirahisi, na machozi yangu hayakusaidia kitu. Asubuhi yake alikuja fundi wa kuchomelea na mitungi ya gesi juu ya mkokoteni. Mama alikuwa amevunja kibubu chake kumlipa, kile alichokuwa anaweka pesa ya kanga za harusi. Nilimwamkia fundi shikamoo nikiwa nimeinamisha kichwa. Alikata bati la geji 18, akalishika nukta nukta kuzunguka ukingo kwanza ili lisijikunje kwa joto, kisha akaunganisha nukta. Siku mbili zikaenda hapo. Tangu siku ile Baba hakunipa gani, ile bastola ya kupulizia rangi. Kazi yangu ikawa msasa wa maji na ndoo.

Rangi yenyewe tulipiga kwa kuvizia. Kompresa tuliazima, umeme ukija usiku tunaamka usiku, ukija alfajiri tunaswali na kuanza. Tulifunga turubai kutoka kwenye paa la nyumba hadi kwenye mwembe, tukamwagia ardhi maji ili vumbi lilale. Baba alichagua rangi ya mafuta, inayokauka polepole, kwa sababu alisema gari la kazi lazima siku moja liweze kurekebishwa kwa brashi. Paa likawa krimu, bodi kijani. Alhamisi tulikuwa tumebakiza mlango mmoja tu, wa mbele kushoto, umening'inizwa kwenye tawi, umeshapigwa praima ya kijivu. Baba alikuwa ameufuta kwa tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, na kitambaa safi, uko tayari.

Usiku ule Dada alitoka. Hakutakiwa kutoka, wiki nzima alikuwa chumbani na somo wake, anasuguliwa liwa, anapakwa mafuta ya nazi. Alikuja kwa miguu mitupu hadi chini ya mwembe na kandili mkononi.

"Ndio mlango wangu huu?"

"Ndio huo."

Akauwekea kiganja, akakaa hivyo kidogo, akarudi ndani. Sikuona tatizo lolote. Alikuwa anaaga.

Ijumaa umeme ulikuja saa kumi na mbili asubuhi. Baba alipiga mkono wa kwanza, kijani kikatanda vizuri, kisha katikati ya mlango rangi ikaanza kukimbia. Nilidhani ni maji kutoka kwenye kompresa. Vikatokea vijishimo, kimoja, kumi, vikaungana, na tukaiona wote: vidole vitano na kiganja, vya kijivu, ndani ya kijani kibichi. Popote mafuta ya nazi yalipogusa praima, rangi ilikataa kukaa.

"Nani kagusa?"

"Dada."

Alisimama mbele ya kile kiganja, gani imeshuka mkononi. Kisha akachukua kitambaa, akafuta mlango mzima kwa tina mpaka kwenye kijivu, akajaribu tena. Mafuta yalikuwa yameshazama ndani ya praima. Vidole vikarudi. Saa tatu umeme ukakatika, na saa nne mvua ikapiga turubai kama kokoto. Nilimwambia tupake kwa brashi. Akakataa, rangi mbichi ingeshika nguo ya bibi harusi. Tukaufunga mlango kwenye bawaba zake ukiwa vile ulivyo.

Jumamosi jioni Land Rover ilisimama mbele ya nyumba, kijani chote na mlango mmoja wa kijivu, matarumbeta yanalia na vigelegele juu. Mzee mmoja wa mtaa alimuuliza Baba mbona mlango ule umeachwa. Baba akamjibu kwamba zamu yake bado. Dada alipopandishwa, mimi sikumtazama usoni. Nilitazama miguu yake yenye hina ikishuka juu ya lile bati jipya, ikatulia.

Wiki iliyofuata tuliufungua mlango. Nilikwangua sehemu ya kiganja hadi kwenye alumini yenyewe, nikaiosha kwa sabuni na maji, nikaifuta kwa tina mara mbili, nikapiga praima ya tindikali kisha ya kijivu, kila moja tukiisubiri ikauke. Asubuhi ya siku ya rangi mvua ilikuwa imepumzika na upepo haujaamka. Baba alijaza rangi kwenye gani, akaijaribu juu ya gazeti, akanikabidhi.

"Shubiri moja," akasema. "Usikunje kiwiko."

Akageuza debe, akalikalia, akanipa mgongo. Nikaanza juu. Gani ilikuwa inatoa mlio kama kitambaa kinachochanwa polepole. Katikati ya mlango, pale pale, mlio ukabadilika.

"Unakaribia mno," alisema bila kugeuka.

Nikarudi nyuma. Mlio ukakaa sawa. Aliendelea kutazama kule kwenye mwembe mpaka niliposhuka hadi ukingo wa chini na kuachia kifyatulio.