Siku ya bamvua nje ya Kinasi: siku moja maishani mwangu

Saa kumi alfajiri

Kabla sijawasha taa natoka uani kusikiliza upepo. Januari bahari ya Mafia iko mikononi mwa kaskazi, lakini saa hizi kaskazi huwa amelala na kinachovuma ni umande, ule upepo mwepesi unaotoka nchi kavu. Makuti ya minazi yanachezacheza kuelekea baharini. Nimeridhika. Umande ukiwepo, ngalawa itatoka bila kupigwa kafi sana.

Jambo la pili ni mwezi. Umeandama juzi, kwa hiyo tumo ndani ya bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Huku kwetu maji ya bamvua hujaa saa kumi na kitu alfajiri, hupwa saa nne kwenda saa tano asubuhi, kisha hujaa tena jioni. Kati ya kujaa na kupwa kwa siku kama ya leo maji hushuka zaidi ya mita tatu. Sasa fikiria maji yote ya Ghuba ya Chole yanavyotafuta pa kutokea, na mlango wao mkubwa wa kuingilia bahari kuu ni Kinasi. Asiyeyapangia saa zake atapiga kafi hadi mikono ife, na ataona mbuyu uleule pembeni yake.

Saa kumi na moja na nusu

Nimeshaswali, nimekunywa chai na kiporo cha muhogo. Mpwa wangu ananisubiri pwani na kapu la mishipi ya kuvulia.

"Shikamoo Mjomba. Leo tunatoka mlangoni au tunabaki ndani?"

"Marahaba. Tunatoka, tena sasa hivi, umande ungalipo."

Chambo ni ngisi na dagaa waliotoka jana upande wa Kilindoni, pamoja na chuchunge wazima wachache niliowatia chumvi. Kilindoni msimu huu kuna dagaa na uduvi mwingi, na ndiyo sababu papa potwe huonekana kule karibu na pwani kuanzia Oktoba hadi Machi. Ni samaki mkubwa kuliko wote duniani, na chakula chake ni vijidudu na visamaki anavyovichuja kwa mdomo. Wageni huja kuogelea naye. Sisi wavuvi tunamwangalia kwa jicho jingine: alipo yeye, dagaa wapo.

Ngalawa inaelea bila shida kwa kuwa maji bado yako juu. Tumechelewa saa moja tu baada ya maji kujaa, na ndivyo nilivyotaka, maana sasa yameanza kupwa na yanatuvuta wenyewe kwenda nje.

Saa kumi na mbili na nusu

Jua limetoka. Kisiwa cha Chole kimebaki kuume kwetu, na popo wakubwa wamesharudi kwenye miti yao. Tanga limeshika umande kidogo, mkondo unafanya kazi iliyobaki.

Hapa ndipo unapopita karibu na eneo lililofungwa, na hapa ndipo ninapotaka kusema kidogo. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza Tanzania, chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 822, na ndani yake kuna vijiji vyenye watu, kikiwemo changu. Si bahari iliyozungushiwa ukuta. Imegawanywa kwa matumizi: kuna mahali ambapo hakuna ruhusa ya kutoa kitu chochote, hata pweza mmoja, kuna mahali ambapo uvuvi una masharti makali, na kuna eneo la matumizi ya jumla. Baruti ni marufuku kote, kokoro, wavu wa kuburutwa, ni marufuku kote.

Mpaka tunaujua kwa alama za nchi kavu, kama tunavyojua miamba yetu. Mpwa wangu anachungulia chini, maji ni meupe kama kioo, na kundi la kolekole linapita chini ya matengo ya pembeni ya ngalawa bila haraka yoyote. Mshipi wake umekunjwa kapuni. Sijawahi kuona uzito wa kuwaacha kolekole hao, kwa sababu samaki hajui mpaka. Akikua pale, akajazana na wenzake, atavuka kutafuta chakula upande ninaoruhusiwa. Mayai yake nayo huchukuliwa na maji mpaka miamba mingine. Wazee waliokuwa wakivua kabla ya hifadhi wanakumbuka milio ya baruti, na wanakumbuka jinsi mwamba uliolipuliwa unavyobaki kifusi kisichokaa samaki. Mimi nachagua kuwa jirani wa eneo lililofungwa.

Saa moja na nusu

Kinasi. Maji yanatoka kwa nguvu, juu yake kunafanyika vizingia na mikunjo laini. Saa hii ni salama kwa sababu umande na mkondo vinakwenda upande mmoja. Kaskazi akiamka wakati maji bado yanapwa, upepo unakutana na mkondo uso kwa uso na mlango mzima unasimama mawimbi mafupi yenye ncha. Ngalawa haipendi mawimbi ya aina hiyo, mirengu yake ya pembeni inazama na kunyanyuka bila mpango. Kwa hiyo kanuni yangu ya bamvua la kaskazi ni moja: toka na maji ya kwanza, usirudi mpaka maji yageuke.

Wakati wa kusi, upepo wa kusini, kuanzia Mei hadi Septemba hivi, kupita hapa kwa ngalawa ni kujitafutia msiba. Miezi hiyo tunavua ndani ya ghuba tu.

Saa mbili

Nje ya mlango mkondo ni mkali mno kwa mshipi wa chini. Ukitupa chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, unaona mshipi unalala badala ya kusimama wima. Basi tunarambaza: mshipi mrefu wenye chuchunge mzima unaburutwa nyuma, tanga likituvuta taratibu kando ya ukingo wa mwamba, pale rangi ya maji inapobadilika kutoka kijani kwenda buluu nzito. Mkondo ukisukuma visamaki kwenye ukingo, nguru na kolekole hujipanga kuwasubiri.

Nguru haonji. Anakata. Ndiyo maana kabla ya ndoana kuna kipande cha waya, vinginevyo meno yake yataondoka na kila kitu. Leo tumepata nguru mmoja mzuri na mzia mmoja. Mzia mkubwa wa mwambani mimi simwamini sana kwa kula, kwa sababu amekula samaki wengi waliokula sumu ya mwambani na anaweza kumdhuru mtu. Huyu ni mdogo, tumemweka.

Saa nne kasorobo mpaka saa tano na nusu

Hii ndiyo kazi yenyewe.

Maji yanapokaribia kupwa kabisa, mkondo unalegea. Tumefika kwenye mwamba wetu, naupata kwa kuoanisha ncha ya kisiwa cha Juani na mti mmoja mrefu, na upande wa pili alama nyingine ambayo siandiki hapa. Kina ni kama pima kumi na mbili, yaani mita ishirini na kitu. Nanga ni jiwe lililofungwa kwa kamba nyembamba kuliko kamba kuu, ili likikwama kwenye matumbawe kamba hiyo ikatike na mwamba usivunjwe.

Kwa bamvua, muda wa maji kusimama ni mfupi. Katika maji mafu, siku ambazo maji hupanda na kushuka kidogo tu, mtu anaweza kukaa na mshipi asubuhi nzima, leo tuna saa moja na zaidi kidogo. Kila mmoja yuko kimya.

Mshipi unashikwa kwa kidole cha shahada, na kidole hicho ndicho kinachoona. Kikande hugugunaguguna chambo kwa vimeno vidogo mfululizo, ukivuta unaleta ndoana tupu. Akianza huyo, afadhali usogee. Changu hudonoa mara mbili, anatulia, halafu anaondoka na chambo kwa mvuto mmoja wa kuendelea. Hapo ndipo unapomkaza. Chewa hadonoi kabisa. Unahisi uzito umeongezeka, basi, na kama hukumwinua pima mbili tatu za mwanzo kwa haraka atarudi pangoni, atatanua mapezi, na mshipi utakatika kwenye jiwe.

Tunapata changu, wengi wao wale wakubwa wa mwamba wa nje, na njana kadhaa. Kisha mpwa wangu ananyanyuka nusu, mikono inafanya kazi, na baada ya muda chewa wa madoa anatokeza akiwa amefungua mdomo. Tumbo limejaa hewa kwa kupandishwa kutoka kina kirefu.

Hili la hewa watu wengi hawalizingatii. Samaki aliyetoka pima kumi na kitu huvimba kwa ndani, na ukimrudisha majini kwa kuwa ni mdogo ataelea juu, ndege au papa watammaliza. Kumrudisha hivyo ni kujifariji tu. Kwa hiyo kwenye kina mimi natumia ndoana kubwa tangu mwanzo, ili mdogo asinase. Wataalamu wa samaki waliwahi kutueleza kwamba chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao hugeuka madume wakishakuwa wakubwa. Ukivua wakubwa wote, madume yanapungua; ukivua wadogo wote, hakuna atakayefika huko. Tangu nijue hivyo, nikishapata chewa mmoja mkubwa kwenye mwamba nahamisha nanga. Leo tumehama.

Mwamba wa pili haujapona vizuri. Mwaka 1998 joto la bahari lilipausha matumbawe ya Mafia na mengi yakafa. Palipokuwa na matumbawe ya matawi pamerudi kwa mafungu, pengine pamebaki kifusi chenye majani. Tofauti unaihisi kwenye mshipi: palipo na matawi hai utapata changu na njana, palipo kifusi unapata vikande.

Saa sita

Maji yamegeuka na kaskazi ameamka, vyote viwili vinatupeleka nyumbani. Tanga limejaa. Kinasi ileile iliyokuwa ikitutoa sasa inatuvuta ndani.

Kasa anatokeza kushoto, anavuta pumzi, anazama. Fukwe za upande wa bahari kuu za Juani ndiko wanakotaga, mayai mia moja na zaidi kwa shimo moja, na vitoto hutoka baada ya miezi miwili hivi. Wapo wanakijiji wanaolinda viota hivyo, na nawaheshimu sana. Kasa ana mapafu kama mtu. Akinaswa kwenye jarife, wavu unaotegwa usiku, na asipate kupanda juu, anakufa maji. Nguva ndivyo hivyohivyo, naye sasa ni adimu katika maji haya ya Mafia na delta ya Rufiji. Jarife ni chombo ambacho sitaki kukiona ndani ya ghuba hii.

Pembeni, kwenye mwamba ulioachwa wazi na maji, kina mama wanamalizia kazi ya pweza na kurudi nyuma hatua kwa hatua maji yanapowafuata. Kwao bamvua ndiyo neema. Wanajua shimo lenye pweza kwa vijiwe alivyovipanga mlangoni na maganda ya kaa aliyomaliza kula. Pweza hukua upesi sana na maisha yake hayazidi mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo mwamba ukipumzishwa miezi michache tu, faida inaonekana kwa macho. Vijiji kadhaa vya pwani hii hufunga miamba yao kwa zamu. Ni jambo ambalo ningependa lifanywe kila mahali.

Saa nane

Utende, pwani tunapofikia. Mwenzetu anayeandika takwimu za samaki anatufuata hata kabla hatujafunga kamba. Anataka aina, uzito, chombo tulichotumia, mwamba na muda tuliovua. Wapo wavuvi wanaokwepa, wakidhani kila kalamu ni kodi. Mimi namwambia yote. Kama hakuna anayeandika, siku samaki wakipungua itakuwa neno la mtu dhidi ya neno la mtu.

Nguru anapata mnunuzi upesi, atawekwa kwenye barafu na kuvushwa. Changu wamegawanywa kati ya wachuuzi na hoteli. Chewa nimemuuza nusu. Mzia na njana wawili ni kitoweo cha nyumbani kwangu na cha dada yangu, mama yake kijana.

Saa kumi na mbili na nusu jioni

Maji yamejaa tena na ngalawa tumeisogeza juu. Nasuuza mishipi kwa maji matamu, nakagua ndoana moja moja. Iliyoanza kutu natupa, maana itakatika siku ya chewa mkubwa.

Bamvua litadumu siku chache zaidi, kisha maji yanakufa. Wiki ya maji mafu sitatoka mlangoni. Nitaweka madema, mitego ya kusukwa, ndani ya ghuba, kwenye nyasi za bahari, na chambo chake ni mwani tu, kwa ajili ya tasi. Nataka yawe na matundu mapana ili tasi wachanga wajitokee. Msusi wa madema aliniuliza mara mbili kama nina hakika na upana huo, nikamwambia asipunguze hata kidogo. Mpwa wangu atapita kwake keshokutwa kuona kama yamekamilika.